Joto la Nyumbani: Tuanze na Paa



Miezi ya kaskazi ndiyo inayotutoa jasho sisi watu wa Pwani. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam, Tanga, Unguja hata Mombasa, kipimo cha joto mchana husimama kwenye nyuzi 31, 32, pengine 33, na usiku hakishuki sana chini ya 25. Mtu wa Dodoma akizisikia namba hizo atasema hata kwao jua la Novemba hufika huko. Ni kweli kabisa. Lakini Dodoma jasho hukauka lenyewe, na usiku ukiingia mtu huitafuta shuka. Kwetu mtu huoga saa nne usiku, akajifuta, na kabla hajafika kitandani amekwisha kulowa tena.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu watu wengi wanapoteza fedha zao kwa kutoielewa. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, lakini si jasho lenyewe linalopoza. Ni kukauka kwake. Penye hewa kavu, jasho hukauka mara litokapo, nalo huondoka na joto la ngozi. Pwani hewa imekwisha kushiba maji ya bahari. Jasho linatoka, halina pa kwenda, linatiririka mgongoni na kulowesha godoro. Hilo ndilo fukuto. Na ndiyo maana ule utaratibu wa kutundika kitenge kibichi dirishani, ambao hufaa sana Dodoma na Singida, kwetu hausaidii kitu. Unaongeza maji katika hewa iliyokwisha kushiba. Hata zile feni zenye tangi la maji, zinazouzwa madukani kwa jina la kiyoyozi cha bei nafuu, mnunuzi wa Pwani afikiri mara mbili kabla hajafungua pochi.

Basi nyumba ya Pwani ina kazi mbili. Ya kwanza, isituletee joto jingine juu ya lile lililoko nje. Ya pili, iuache upepo utupite mwilini, maana upepo ndio unaolisaidia jasho kukauka pale hewa inapokuwa nzito. Nyumba ikishindwa kazi hizo mbili, hakuna mashine itakayoisaidia bila kumfilisi mwenyewe.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kwenda chuo. Itazame nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ambayo bado imebaki moja moja Ilala, Magomeni na Kariakoo. Katikati una ukumbi unaotoka barazani moja kwa moja hadi uani, na milango yote miwili ikiwa wazi, upepo hupita kama maji mferejini. Paa lake la makuti liliinuka juu, na upenu wake ulishuka chini kiasi cha kuzikinga kuta zisipigwe na jua. Kati ya ukuta na paa iliachwa nafasi, joto likapata njia ya kutokea. Makuti yenyewe ni majani yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka hizo imekaa hewa; jua likipiga juu, chini hakuna habari.

Unguja, katika Mji Mkongwe, walitumia njia nyingine kabisa. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana wa chumba, lakini vyumba hivyo vilikwenda juu sana, na joto lilipopanda lilimwacha mtu chini akipumua. Vichochoro navyo vilikuwa vyembamba, nyumba ya huku ikaitia kivuli nyumba ya kule. Nasisitiza jambo la kivuli kwa sababu siku hizi nawasikia watu wakisema nyumba ya ukuta mnene ni baridi. Ukuta mnene ulio kivulini ni baridi. Ukuta mnene unaopigwa jua la jioni ni jiko, na tutalirudia hilo baada ya muda.

UNESCO iliuweka Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tulifurahi. Na ukienda katika hoteli za ufukweni, kuanzia Nungwi hadi Bagamoyo, utamkuta mgeni kutoka Ulaya analipa dola nyingi alale chini ya makuti, wakati mwenyeji aliyeyafuma makuti hayo analala chini ya bati la moto na anajihesabu kuwa ameendelea.

Lakini nisieleweke vibaya. Sikuja kuyatukana mabati. Makuti yanavuja, yanaliwa na wadudu, yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja inatosha kuteketeza nyumba tano. Bati linakaa miaka mingi, halishiki moto kama jani, na linatukingia maji ya mvua. Mtu aliyeezeka bati alifanya uamuzi wa busara. Tatizo ni kwamba tulichukua bati tukasahau kuchukua vitu vinavyotakiwa kwenda pamoja nalo.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi, na katika miezi iliyo kati ya hapo halisogei mbali. Maana yake ni kwamba sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa. Bati lililokaa juani saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60. Likishafika hapo halihitaji kukugusa; linakumwagia joto kutoka juu kama makaa yaliyopaliliwa juu ya chungu cha wali. Hata ukiwasha feni, unachopata ni upepo mwilini na moto kichwani.

Na hapa pana mambo ya ajabu kidogo. Mtu anapokwenda kununua bati, atauliza geji, atauliza dhamana ya kutu, atauliza kama ni msauzi au migongo mipana, kisha atachagua rangi kwa kuangalia nyumba ya jirani. Matokeo yake mitaa yetu imejaa mapaa mekundu iliyokolea, ya buluu nzito na ya kijani kibichi, ambayo ni rangi zinazomeza jua. Rangi nyeupe au ya maziwa hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo angani, na bati la rangi hiyo haligharimu zaidi kwa sababu tu ni jeupe. Geji haina msaada wowote katika suala la joto. Bati nene na bati jembamba yote huwaka.

Ambaye ameshaezeka hana haja ya kung'oa. Rangi nyeupe ya mabati inapakwa juu ya bati la zamani baada ya kusuguliwa kutu. Asiyekuwa na uwezo huo anaweza kupaka chokaa, ila ajue kwamba mvua huiosha, kwa hiyo wakati wake ni vuli inapokwisha, kabla kaskazi haijakaza, na ataipaka tena mwaka unaofuata. Kama unakinga maji ya paa kwa ajili ya kunywa, tenga kwanza bomba la tangi, usije ukanywa chokaa.

Baada ya rangi ni dari. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari kabisa. Ukilala chali unahesabu misumari ya bati. Dari, hata ya mbao nyembamba, hata ya jamvi lililotandazwa vizuri mbali na taa na nyaya, hukata ule mmwagiko wa joto. Lakini dari bila matundu ni nusu ya kazi. Joto lililonaswa kati ya bati na dari lazima litoke, na hutoka kwa matundu yaliyoachwa kwenye kuta za pembe tatu pande mbili za paa, yakiwa yamefungwa wavu ili popo na panya wasihamie. Mafundi wetu wanayajua matundu hayo. Yanarukwa kwa sababu mwenye nyumba anasema yanaharibu sura.

Sasa turudi kwenye ule ukuta niliouita jiko. Wengi wananiuliza mbona usiku bati limeshapoa lakini chumba bado kinachoma. Ni kweli, bati hupoa upesi jua likizama. Ukuta wa matofali ya saruji haupoi upesi. Umekunywa jua la magharibi tangu saa nane hadi saa kumi na mbili, na usiku kucha unalitema ndani, taratibu. Anayelala ghorofa ya mwisho chini ya zege analijua hili kuliko mimi. Dawa yake ni kivuli upande wa magharibi na wa mashariki: upenu mrefu, baraza, au mti. Mwarobaini, mkungu au mwembe uliopandwa mahali pake ni kinga ambayo haisomi luku. Tazama hata hivyo tunavyofanya. Tunakata mti, tunatandika matofali ya saruji ua mzima hadi mlangoni, kisha tunazungusha ukuta mrefu usio na tundu hata moja. Ua umekuwa kikaango, na upepo umezuiwa getini pamoja na mwizi. Matofali ya matundu, yale ya maua yaliyotumika sana zamani, yangetosha kumzuia mwizi na kuuruhusu upepo.

Kwa anayeanza kujenga na kiwanja chake kinamruhusu, aelekeze pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko. Jua la asubuhi na la jioni litapiga pande fupi tu, na pepo za kaskazi na kusi, zinazotujia moja kutoka kaskazini-mashariki na nyingine kutoka kusini-mashariki, zitapata pa kuingilia. Kila chumba kiwe na matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Dirisha moja peke yake halileti upepo; upepo haupiti mahali ambapo hauna njia ya kutoka. Kama chumba kina ukuta mmoja tu wa nje, basi weka tundu juu ya mlango.

Kuhusu madirisha yenyewe nina ugomvi wa muda mrefu na fasheni. Lile dirisha la luva la zamani, la vipande vya kioo vinavyolala na kusimama, lilifunguka lote. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo leo ndilo fahari ya kila nyumba mpya, hufunguka nusu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Umelipia dirisha la futi tano, unapata upepo wa futi mbili na nusu. Ukiongeza pazia zito la tabaka mbili, hata hizo mbili na nusu hazipo.

Hapa ndipo jambo la joto linapoacha kuwa la starehe na kuwa la afya. Chandarua hupunguza upepo. Katika chumba ambacho tayari hakina hewa, mtu akishusha chandarua anahisi amefungiwa ndani ya mfuko. Mtoto analia, anatupa miguu, mama anakipandisha juu ili apate usingizi, na mbu wamepata chakula. Tunawalaumu wazazi kwamba hawatumii vyandarua vya bure. Ni haki kwanza tukakilale hicho chumba usiku mmoja wa Februari.

Watafiti waliofanya kazi na Watanzania wenzetu katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, walilitazama jambo hili kwa makini. Walijenga nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa, zilizofungwa wavu, baadhi zikiwa na vyumba vya kulala juu. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba hizo zilikuwa na ubaridi wa kiasi cha nyuzi 2 zaidi ya nyumba za kawaida za pale, na mbu walioingia walipungua sana, hasa katika zile za ghorofa. Baadaye zikajengwa nyumba 110 mkoani Mtwara kwa fikra hiyohiyo, ili kupima zinavyosaidia afya za watoto. Nyuzi 2 mtu anaweza kuziona ndogo. Aliyelala katika nyuzi 30 na aliyelala katika nyuzi 28 hawaamki na sura moja. Nyumba inayopitisha hewa na kuzuia mbu, chandarua ndani yake kinashuka bila vita.

Na tulishawahi kuwa na wataalamu wetu waliofikiri hivi kwa majengo makubwa. Soko la Kariakoo lililokamilika miaka ya 1970, kazi ya mbunifu wetu Beda Amuli, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyotoa kivuli, ikakinga maji ya mvua na kuacha hewa ipite juu ya vichwa vya watu. Soko zima bila kiyoyozi. Liliungua Julai 2021, lakini somo lake halikuungua. Linganisha na majumba ya vioo yanayoota mjini, yaliyoelekea jua la jioni, ambayo umeme ukikatika dakika kumi watu wote wako barabarani.

Tuje kwenye mashine. Feni, au pangaboi, haipozi chumba, inampoza mtu. Upepo wake wa wastani humfanya mtu ahisi nafuu ya nyuzi 2 au 3. Kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu inakula umeme bure. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa kumi za usiku hutumia uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa bei iliyotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti. Hiyo ni shilingi 1,800 kulala na upepo mwezi mzima, kabla ya kodi na tozo.

Kiyoyozi kidogo, kile cha BTU 9,000, huvuta karibu wati 800 hadi 1,000 kinapofanya kazi kwa nguvu. Hata kikipumzika pumzika, usiku mmoja wa saa nane unaweza kula uniti 4. Kwa mwezi ni 120. Umekwisha kuzivuka zile 75, na kila uniti inayozidi hapo bei iliyotangazwa mwaka huo wa 2016 ilikuwa 350. Friji na taa hatujazigusa. Na fedha hizo sehemu yake kubwa inakwenda kupigana na bati. Kila nyuzi joto inayoshuka kutoka kwenye paa ni umeme unaoununua ili uirudishe nje.

Mwenye uwezo wa kiyoyozi simkatazi. Kinakausha hewa, na ndiyo maana unakiona kinadondosha maji nje. Kwa mgonjwa au mzee, usiku wa fukuto kali, kina kazi yake. Ila akiweke chumba kimoja cha kulala, azibe nyufa za madirisha, asafishe vichujio kila baada ya wiki chache, na rimoti aiache kwenye 25 au 26 huku feni ikizunguka polepole. Anayeweka 18 akitumaini chumba kitapoa haraka anajidanganya. Mashine ya kawaida haina mwendo wa pili, inaendelea tu kwa muda mrefu zaidi. Wala asinunue kubwa kuliko chumba. Kubwa hupoza hewa upesi, ikazima kabla haijaikausha, na mtu akabaki na baridi yenye unyevu kama pango. Sehemu ya nje nayo iwekwe kivulini. Na msimu wa joto wa 2023 kuelekea 2024 ulitukuta katika mgao wa umeme. Aliyekuwa na nyumba inayopumua aliteseka kidogo, aliyekuwa na sanduku la vioo alilala kwenye gari.

Swali lililobaki ni gumu zaidi. Wakazi wengi wa miji yetu ni wapangaji, na mpangaji hawezi kupaka rangi paa la mtu. Mwenye nyumba ndiye anayelipia dari, mara moja. Mpangaji ndiye anayelipia umeme, kila wiki. Kwa hiyo anayeweza kuondoa joto halioni, na anayeliona hana mamlaka nalo. Sheria ya kumlazimisha mwenye nyumba aweke dari siioni ikija kesho, ingawa halmashauri zinazokagua ramani za majengo zingeweza kabisa kuuliza matundu ya hewa yako wapi, kama zinavyouliza choo kiko wapi.

Hata hivyo mpangaji ana siku moja ya nguvu, nayo ni ile anayoshika mkononi kodi ya miezi sita au ya mwaka, kabla hajaitoa. Siku hiyo ndiyo ya kusema, "Baba, nitalipa, lakini tukubaliane dari, au nipake paa mimi na gharama ukate kwenye kodi," na makubaliano yakaandikwa. Wenye nyumba wasikivu wapo, maana bati lililopakwa rangi halipati kutu upesi, na mpangaji anayelala vizuri hahami.

Na chumba usiende kukitazama jioni, wakati dalali anapenda kukupeleka, upepo wa bahari ukivuma na taa zimewashwa. Nenda saa tisa alasiri, siku ya jua. Fungua mlango na dirisha, simama katikati, usikie kama kuna hewa inayopita. Tazama juu kama kuna dari. Kisha weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi kwa ndani, ukiache hapo kidogo, ndipo uulize bei.